Kete Isiyorudishwa: Uchukuaji bila Kurudisha kutoka kwa Huygens (1657) hadi Kura ya Jeshi ya Marekani (1969)

1.0 Utangulizi

Jioni ya tarehe 1 Desemba 1969, mjini Washington, Mbunge Alexander Pirnie wa jimbo la New York alitia mkono katika chombo kirefu cha kioo, akatoa kapsuli ndogo ya plastiki yenye rangi ya buluu. Ndani yake mlikuwa na karatasi iliyoandikwa tarehe: 14 Septemba. Kwa tendo hilo, wanaume wa Kimarekani waliozaliwa tarehe hiyo kati ya mwaka 1944 na mwaka 1950, na ambao bado walikuwa katika orodha ya wanaoweza kuitwa, walipewa namba 1 katika foleni ya kuingizwa jeshini, vita vya Vietnam vikiwa vinaendelea. Kapsuli nyingine 365 zilifuata. Ya mwisho kutoka ilikuwa na tarehe 8 Juni. Hakuna kapsuli hata moja iliyorudishwa chomboni.

Insha hii inachunguza kitendo hicho cha kutorudisha. Katika vitabu vya hisabati hutajwa kwa maneno mawili, "bila kurudisha", na mwanafunzi huelekezwa kwamba kila kinapotoka kitu kimoja, jumla ya vilivyobaki hupungua na uwezekano hubadilika. Maelezo hayo ni sahihi, lakini yanaacha jambo ambalo historia ya somo hili inalionyesha vizuri zaidi kuliko kanuni zake. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba katika uchukuaji bila kurudisha, bahati haifanyi kazi upya kila mkono unapoingia. Kazi yake yote imekwisha kabla ya mkono wa kwanza kuingia, yaani wakati wa kuchanganya. Kinachofuata ni kusoma, kimoja baada ya kingine, mpangilio uliokwisha kuwekwa.

Neno la Kiswahili "kura" linatufaa katika mjadala huu. Linatokana na Kiarabu, ambako lina maana ya kutafuta uamuzi kwa bahati, ingawa leo msomaji wa Kiswahili huanza kufikiria sanduku la uchaguzi. Katika insha hii neno hilo linatumika kwa maana yake ya kale.

2.0 Swali la pili la Huygens

Mwaka 1657 Christiaan Huygens, mwanahisabati wa Uholanzi, alichapisha kwa Kilatini risala fupi kuhusu hesabu za michezo ya bahati. Ilitoka ikiwa sehemu ya mwisho ya kitabu cha mwalimu wake, Frans van Schooten. Mwishoni mwa risala Huygens aliwaachia wasomaji maswali matano bila kuonyesha njia ya kuyatatua. Swali la pili linaweza kuelezwa hivi: wachezaji watatu, A, B na C, wana kete 12, nne nyeupe na nane nyeusi. Wanachukua kwa zamu, A kwanza, kisha B, kisha C, kila mmoja akiwa amefungwa macho. Wa kwanza kupata kete nyeupe ndiye mshindi. Je, nafasi zao za kushinda zinalinganaje? (Neno la Kilatini lililotumika humaanisha vijiwe vya kuchezea. "Kete" ndilo neno la karibu zaidi kwa msomaji anayeujua mchezo wa bao.)

Swali lina maelezo mengi kwa sentensi chache, lakini limeacha moja. Halisemi kama kete nyeusi iliyochukuliwa hurudishwa. Mwaka 1665 Huygens aliandikiana barua na Johannes Hudde, ambaye baadaye alikuwa meya wa Amsterdam, na majibu yao yakatofautiana. Haikuwa rahisi kuona kwamba tofauti ile haikutokana na makosa ya hesabu. Mmoja alikuwa amechukulia kwamba kete hurudishwa, na mwingine kwamba hairudishwi. Hao walikuwa miongoni mwa wanahisabati bora wa wakati wao, na mmoja wao ndiye aliyelitunga swali.

Ikiwa kete hurudishwa, jibu ni 9 kwa 6 kwa 4. Kila mchezaji, kila zamu yake inapofika, ana nafasi moja katika tatu, na faida ya A inatokana na kutangulia tu. Ikiwa kete hairudishwi, jibu ni 77 kwa 53 kwa 35. Ukigeuza hesabu hizi kuwa sehemu za mia, A anashuka kidogo kutoka takribani 47.4 hadi 46.7, ilhali B na C wanapanda kidogo kila mmoja. Kila kete nyeusi inayotoka na kubaki nje huacha nyeupe zikiwa sehemu kubwa zaidi ya zilizobaki, na anayenufaika ni yule aliyekuwa akisubiri.

Jakob Bernoulli aliliona tatizo la maneno wazi zaidi. Kitabu chake kikuu kuhusu uwezekano kilichapishwa Basel mwaka 1713, miaka minane baada ya kifo chake. Sehemu ya kwanza ya kitabu hicho ni risala yote ya Huygens ikifuatana na maelezo yake mwenyewe. Alipofika kwenye swali la pili, Bernoulli hakuchagua maana moja. Alilitatua kwa maana tatu: kete zikirudishwa, kete zisiporudishwa, na kila mchezaji akiwa na kete zake 12 asizozirudisha. Kwa maoni yangu, uamuzi huo wa kutochagua una thamani kuliko majibu yenyewe. Unakiri kwamba uwezekano hauko katika kete wala katika mchezaji, bali katika utaratibu, na kwamba utaratibu usiotajwa wote hauna jibu moja.

3.0 Kusoma mpangilio

Inafaa tuangalie jinsi jibu la 77 kwa 53 kwa 35 linavyopatikana, kwa sababu njia yenyewe ndiyo inayobeba hoja yetu. Badala ya kuwafuata wachezaji zamu kwa zamu, fikiria kete zote 12 zimepangwa katika mstari mmoja kwa kadiri zitakavyotoka. Kinachohitajika ni kujua nafasi nne za kete nyeupe katika mstari huo. Idadi ya namna za kuchagua nafasi nne kati ya 12 ni 495. Kete nyeupe ya kwanza ikiwa katika nafasi ya kwanza, tatu nyingine zinaweza kukaa popote katika nafasi 11 zilizobaki, yaani kwa namna 165. Ikiwa katika nafasi ya pili ni namna 120, kisha 84, 56, 35, 20, 10, 4 na 1. Zaidi ya nafasi ya tisa haiwezekani, kwa sababu kete nyeusi ni nane tu. A husoma nafasi ya kwanza, ya nne na ya saba, na jumla yake ni 231. B anapata 159 na C 105. Ukigawanya kwa tatu, unapata jibu.

Katika hesabu hiyo hakuna mkono unaochukua chochote. Kuna mistari 495 inayochukuliwa kuwa na uzito sawa, na wachezaji wanasoma mmoja wao kutoka kushoto kwenda kulia.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama. Huambiwa kwamba baada ya kete ya kwanza kutoka uwezekano hubadilika, kisha huambiwa kwamba kete ya pili ina nafasi ileile ya kuwa nyeupe kama ya kwanza. Kauli zote mbili ni za kweli, ila zinajibu maswali tofauti. Ukijua kwamba ya kwanza ilikuwa nyeupe, ya pili ina nafasi 3 katika 11. Ukijua kwamba ilikuwa nyeusi, ya pili ina 4 katika 11. Usipojua lolote, unaunganisha hali hizo mbili: theluthi moja ya 3/11 na theluthi mbili za 4/11, na jumla ni theluthi moja kamili, sawasawa na ya kwanza. Kete haikubadilika. Kilichobadilika ni tunachokijua. Nafasi yoyote katika mstari, iwe ya kwanza au ya kumi na mbili, ina haki sawa ya kubeba kete nyeupe, mradi mistari yote iwe na uzito sawa.

Kutoka katika sharti hilo la mwisho ndipo linapotokea suala la Washington. Je, ni nini kinachoifanya mistari iwe na uzito sawa? Huygens alijibu kwa maneno mawili tu: macho yafungwe. Kuchanganya kete hakukutajwa.

4.0 Kitambaa machoni

Ni ajabu jinsi sharti hilo la macho lilivyodumu. Marekani ilipopiga kura ya kuandikisha wanajeshi mwaka 1917, Waziri wa Vita Newton Baker alifungwa kitambaa machoni kabla ya kuchukua namba ya kwanza, nayo ikawa 258. Tarehe 29 Oktoba 1940, mbele ya Rais Franklin Roosevelt, Waziri wa Vita Henry Stimson alifungwa kitambaa vivyo hivyo akachukua namba 158. Kitambaa cha mwaka 1940 kilitokana na kiti cha ukumbi ulimotiwa saini Tangazo la Uhuru, na kijiti cha kukorogea kilichongwa kutoka boriti ya Independence Hall, Philadelphia. Heshima yote ya taifa iliwekwa katika macho ya waziri na asili ya kijiti. Swali kama kijiti kilikoroga vya kutosha halikupewa heshima hiyo, ingawa baadaye kura ile nayo ilizua maswali kuhusu uchanganyaji wake.

Kitambaa kinamzuia mchukuaji asichague. Hakizuii chombo kukumbuka jinsi kilivyopakiwa. Kama kurudisha kungekuwapo, udhaifu huo ungepungua, kwa kuwa chombo kingeweza kukorogwa upya kabla ya kila uchukuaji. Bila kurudisha, ukorogaji wa mwanzoni ndio unaobeba kila kitu kitakachofuata.

Wala waandaaji hawangeweza kuikwepa hali hiyo kwa kurudisha kapsuli. Kura ya mwaka 1969 ilipaswa kutoa foleni kamili ya tarehe 366, tarehe 29 Februari ikiwamo. Kama kapsuli zingerudishwa na kuchukuliwa mara 366, uwezekano wa tarehe fulani kutotoka kabisa ungekuwa takribani 0.367, na kwa wastani tarehe zaidi ya 134 zingebaki bila namba huku nyingine zikitoka mara mbili au tatu. Foleni haipatikani hivyo.

5.0 Sanduku la mwaka 1969

Jinsi kapsuli zilivyopakiwa ilikuja kuelezwa hadharani baadaye, na Stephen Fienberg aliiandika katika makala yake ya mwaka 1971 katika jarida la Science. Kapsuli 31 za Januari ziliwekwa katika sanduku la mbao la mraba, zikasukumwa upande mmoja kwa kipande cha kadibodi. Kapsuli 29 za Februari zikamiminwa katika upande uliobaki wazi, kisha zikasukumwa zijiunge na za Januari. Zikafuata za Machi, na kuendelea hadi Desemba. Kwa utaratibu huo, kapsuli za Januari zilipitia kuchanganywa mara kumi na moja. Za Desemba zilichanganywa mara moja. Sanduku likafungwa, likatikiswa mara kadhaa, na siku ya kura likamiminwa katika chombo cha kioo. Waliochukua walielekea zaidi kuchukua zilizokuwa juu, ingawa mara nyingine mikono ilizama chini zaidi.

Hakuna haja ya kudhani hila. Yeyote aliyewahi kuchanganya mchele wa magunia mawili kwa kuusukuma kwa mkono anajua kwamba wa mwisho kumiminwa hubaki ulipoangukia.

Matokeo yalitangazwa kama orodha, na orodha haionyeshi kasoro kwa jicho la kawaida. Tarehe 7 Juni ilipata namba 85, na siku iliyofuata, 8 Juni, ikapata 366. Mkato wa ghafla namna hiyo ndio hasa watu wanaoutarajia kutoka katika kura. Ila ukichukua wastani wa namba kwa kila mwezi, sura nyingine hujitokeza. Wastani wa namba zote ni 183.5. Miezi sita ya kwanza, kuanzia Januari hadi Juni, kila mmoja ulikuwa juu ya wastani huo. Miezi sita ya mwisho, kila mmoja ulikuwa chini yake. Machi ulikuwa na wastani wa 225.8, na Desemba 121.5.

Kwa kura hii namba ndogo ilimaanisha kuitwa mapema. Namba ya juu kabisa iliyoitwa kutokana na kura ile ilikuwa 195. Kati ya tarehe 31 za Desemba, 26 zilipata namba isiyozidi hiyo. Kati ya tarehe 31 za Januari, ni 14 tu. Kura yenye mchanganyiko kamili ingetarajiwa kutoa takribani 16.5 kwa kila mwezi wa siku 31.

6.0 Je, ni bahati tu?

Mtahini ana haki ya kuuliza kama tofauti hizo haziwezi kutokea katika kura halali. Jibu linahitaji hesabu ya bila kurudisha, si ile ya kurudisha, na tofauti kati yake hapa si ya kitaaluma tu. Namba zikichukuliwa bila kurudisha, mwezi ukipata namba ndogo unaziondolea miezi mingine, na wastani wa mwezi mmoja hutawanyika kidogo kuliko ambavyo ungetawanyika kama namba zingerudiwa. Kwa mwezi wa siku 31 kati ya 366, mkengeuko sanifu wa wastani, yaani kipimo cha kawaida cha mtawanyiko huo, ni takribani 18.2. Kama kungekuwa na kurudisha ungekuwa takribani 19.0. Desemba iko 62 chini ya wastani, sawa na mikengeuko sanifu 3.4.

Kwa kuwa Desemba ulichaguliwa baada ya kuona matokeo, ni lazima tujihadhari. Mwezi wowote kati ya 12 ungeweza kutushtua. Hata tukilipa gharama ya uchaguzi huo kwa kuzidisha mara 12, uwezekano wa mwezi wowote kupotoka kiasi hicho unabaki chini ya 1 katika 100. Kipimo kisichotegemea uchaguzi wa mwezi ni uhusiano kati ya siku ya mwaka na namba iliyopata. Kura halali hutoa kipimo kilicho karibu na sifuri, chenye mkengeuko sanifu wa takribani 0.052. Kura ya mwaka 1969 ilitoa -0.226. Uwezekano wa kupata umbali kama huo kwa bahati tupu ni chini ya 1 katika 10,000. Wanatakwimu hawakuchelewa kuliona hili. Gazeti la New York Times liliandika kuhusu malalamiko yao tarehe 4 Januari 1970, kura ikiwa na wiki tano tu.

Kuna utetezi mmoja unaostahili kujibiwa kwa makini. Unasema kwamba hakuna mwanamume aliyejua mapema kwamba Desemba utaelemewa. Kwa aliyekuwa nje, kila mwezi ulikuwa na uwezekano sawa wa kuwa mwathiriwa, na kwa hiyo kura ilikuwa ya haki. Utetezi huu unatumia kanuni ileile tuliyoiona katika kete ya pili: usipojua lolote, nafasi zote ni sawa. Sioni kosa katika mantiki yake, lakini sharti lake halikutimia. Aliyepakia sanduku alijua kwamba Januari ilitangulia na Desemba ilifuata mwishoni. Mtu yeyote aliyeelezwa utaratibu huo jioni ya 30 Novemba angeweza kutabiri mwelekeo wa matokeo. Usawa unaotegemea kutojua kwa wanaopigiwa kura, huku upakiaji ukijulikana kwa wanaopiga, ni usawa wa upande mmoja. Kumfunga mchukuaji macho hakuondoi hilo, kwa kuwa ujuzi uliohitaji kufichwa haukuwa machoni pake.

Hali ya mtu aliyesubiri mbele ya televisheni inaonyesha pia kwa nini watu hawakuhisi kasoro. Kabla ya kapsuli ya kwanza, kwa kura halali na kwa mpaka wa 195 uliojulikana baadaye, nafasi ya kuitwa ilikuwa 195 katika 366, zaidi ya nusu kidogo. Baada ya kapsuli 100 kutoka bila tarehe yake, nafasi hiyo ilishuka hadi 95 katika 266, yaani takribani 0.36. Kila kapsuli iliyotajwa ilimpa nafuu ya kweli, na kila moja ilionekana kama bahati mpya iliyotendeka papo hapo. Kumbe ilikuwa habari tu kuhusu jambo lililokwisha kuamuliwa ndani ya sanduku.

7.0 Mapipa mawili

Kura ya mwaka 1969 haikurudiwa. Waliopewa namba zao walibaki nazo. Kilichobadilishwa ni kura iliyofuata, ya tarehe 1 Julai 1970, kwa ajili ya waliozaliwa mwaka 1951. Safari hii yalitumika mapipa mawili ya kuzungushwa, moja la tarehe na jingine la namba. Mpangilio wa kupakia kila pipa ulitolewa na orodha za nasibu zilizoandaliwa na Ofisi ya Taifa ya Viwango, na mapipa yakazungushwa kabla ya uchukuaji kuanza. Kila tarehe iliyotoka katika pipa moja iliambatanishwa na namba iliyotoka katika pipa jingine.

Nguvu ya utaratibu huo inaeleweka kwa njia ya Bernoulli ya kuhesabu mipangilio. Ikiwa namba zimepangwa kwa namna ambayo kila mpangilio una uzito sawa, bila kutegemea tarehe, haijalishi tarehe zimepangwaje. Hata zingetoka kwa kufuata kalenda, 1 Januari ikitangulia na 31 Desemba ikiwa ya mwisho, kila tarehe ingekuwa na nafasi sawa ya kupata namba yoyote. Pipa moja lililochanganywa barabara linatosha kufidia uzembe wote wa pipa la pili. Kati ya vidole vya waliochukua na orodha zilizoandaliwa mapema ofisini, orodha ndizo zilizopiga kura ile.